Nusu Kidonge cha Asubuhi

Tangu lini mtu akafika hospitali akaambiwa hajaumwa vya kutosha? Basi ndivyo alivyoambiwa Pimamaji saa tatu asubuhi, kwenye benchi la idara ya dharura, jasho likimchuruzika hadi kwenye soksi, mama yake kulia, mkewe kushoto, na nesi amesimama mbele yao na karatasi.

"Saba," nesi alisema.

"Saba nini, sista?" mkewe aliuliza.

"Alama. Miayo ina alama zake, jasho lina zake, mapigo ya moyo, mboni za macho, miguu kutotulia. Daktari anataka zifike kumi na mbili. Zikifika, tunampa dawa. Zisipofika, hatumpi."

"Lakini si unaona anavyotetemeka?"

"Atatetemeka zaidi. Ndicho tunachosubiri."

Pimamaji alipiga mwayo wa kung'oa taya. "Sista," alisema, "enzi zangu za shule, saba kwa kumi na mbili ilikuwa kufaulu. Mwalimu angenipigia makofi."

Nesi hakucheka. Aliandika saa, akageuka, na huku akienda akamwambia mwenzake wa dirishani, bila hata kupunguza sauti, "Yule teja wa benchi la pili, saa nne unikumbushe." Benchi zima la pili likatazamana kujua teja ni nani, na haikuwachukua muda. Mwanamke mmoja mwenye mtoto wa homa alihamisha mkoba wake kutoka kushoto kwenda kulia, akaona haitoshi, akahama yeye mwenyewe.

Jina la Pimamaji alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu hakulaza kigae hata kimoja sakafuni bila kukiwekea pimamaji, kile kifaa chenye kichupa cha maji na kiputo cha hewa kinachoonyesha kama mahali pamenyooka. Siku alipoteleza kwenye ngazi akaangukia mgongo, alipewa vidonge vya maumivu. Vidonge vikaisha, maumivu hayakuisha, na mtu wa kazini akamwonyesha unga unavyovutwa. Mengine mnayajua, sina haja ya kuyarefusha. Wiki mbili nyuma mkewe alimkuta chooni midomo imekuwa ya bluu. Akakimbizwa hapa hapa dharura, akachomwa sindano ya kumzindua, na alipofumbua macho daktari hakumtukana. Alimwambia ipo dawa ya kuyeyusha chini ya ulimi, inayoutuliza mwili usiudai unga, na kwamba ataanzishiwa hapo hapo, hatapewa barua akangojee miezi kwingine. Sharti lilikuwa moja. Asije ameshavuta. Aje arosto imemshika, yaani ule ugonjwa wa kuukosa unga, na awe ameshinda saa kumi na mbili bila kugusa kitu.

Mara mbili alitoka nyumbani ili aje, mara mbili akakata kona njiani. Leo, ya tatu, alikuwa ameletwa kama mahabusu, mwanamke huku na mwanamke huku. Na ilikuwa lazima iwe leo kabla ya saa tisa, maana daktari yule zamu yake ilikuwa inaishia hapo, halafu likizo. Anayempokea hataki hata kusikia habari za mateja. Yeye huwazindua akawatoa nje.

Mkewe wanamwita Dobi. Jina hilo alibandikwa na huyo huyo mumewe tangu uchumba, kwa kuwa kazi yake ni kupiga pasi mashuka ya hoteli. Ili apate ruhusa ya leo alikuwa amemuua shangazi yake kwa mara ya pili, na njia nzima alikuwa anaomba msimamizi wake asiwe na kumbukumbu nzuri. Mama mtu, ambaye nyumbani wote wanamwita Bi Mkubwa, ana nyonga mbovu iliyopasuliwa hospitali hii hii mwaka juzi. Kila mwezi hupewa vidonge vikali vya maumivu, na kila mwezi humwambia mkwewe kwamba havimsaidii kitu. Ndiyo maana Dobi humkanda nyonga kwa maji ya moto kila akitoka kazini, hata siku ambazo mikono yake mwenyewe imeungua na pasi.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Dobi bado alimsifu mumewe: adabu kwa mama yake. Awe na arosto, awe amelewa unga, kila asubuhi atapita chumbani kwa Bi Mkubwa ampe shikamoo, wakae humo dakika tano mlango umerudishwa. "Mimi anaweza kunisahau," Dobi aliwaambia wenzake kazini, "lakini shikamoo ya mama yake? Hathubutu."

Saa nne alama zilikuwa kumi. Miguu ya Pimamaji ilikuwa inarusha mateke yenyewe, kiatu kimoja kimeshaingia chini ya benchi. Vinyweleo vimemsimama, pua inachuruzika, machozi yanamtoka bila kulia. Alisimama, akakaa, akasimama, akaegemea ukuta, ukuta ukamchosha.

"Bado mbili," nesi alisema.

"Sista, mpe hizo mbili za huruma," Dobi alisihi.

"Huruma haimo kwenye karatasi." Kisha nesi akainama, akasema polepole, kama anayewasomea watoto, "Asile wala asinywe kitu nisichompa mimi. Hata dawa ya kichwa. Mmenisikia wote?"

"Tumesikia," Dobi alijibu.

Bi Mkubwa alikuwa anaangalia kufuli la mkoba wake.

Simu ya Dobi ikalia. Msimamizi. Alikwenda kuipokelea nje, karibu na geti, ili kisisikike kikohozi cha wagonjwa katikati ya msiba. Huko akaulizwa shangazi huyo ni yupi, upande wa baba au wa mama, akababaika, akaongopa, akaongopa tena kuufunika uongo wa kwanza. Dakika kumi na tano zikapita.

Dakika hizo ndizo zilizoharibu kila kitu. Pimamaji alikuwa ameshaanza kutafuta kiatu chake.

"Unakwenda wapi?" mama yake aliuliza.

"Nakuja sasa hivi."

"Nimekuuliza unakwenda wapi."

"Mama, mifupa inatafunwa. Nafika hapo kona tu, nageuza." Alikuwa ameshasimama. "Dakika kumi. Usimwambie Dobi."

Bi Mkubwa alimkamata shati. Mikono ile haikuwa na nguvu za kumzuia mtu mzima, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Alijua pia kona ni wapi na kona ina nini. Alifikiri haraka, na alifikiri kama mama: akitoka hapa amekwenda, na akienda safari hii atarudishwa amefunikwa shuka. Akafungua mkoba. Ndani mlikuwa na bahasha ya kaki yenye muhuri wa hospitali, na ndani ya bahasha vidonge vyake vya nyonga, vingine vizima, vingine ameshavikata nusu kwa wembe.

"Kaa chini," alinong'ona. "Chukua hii ikupoze mpaka nesi arudi. Si unga huu. Ni dawa, wamenipa wenyewe hapa hapa."

Bi Mkubwa alikuwa anasema anachoamini. Lakini mwanawe alijua. Sitamtetea. Alielezwa na daktari kinagaubaga, akarudishiwa maelezo mara mbili, na bado alifungua mdomo kama kinda.

Saa tano na nusu nesi alipima, akaguna, akapima tena.

"Nne," alisema.

"Nne?" Dobi aliruka. "Si ilikuwa kumi?"

"Ndiyo nashangaa. Wenzake wote hupanda, huyu anashuka." Aliwasha kitochi, akammulika machoni. Mboni zilikuwa zimesinyaa kama ncha ya sindano. Miguu imetulia. Hata kiatu kilikuwa kimevaliwa, kamba zimefungwa. "Umekula nini?"

"Sijala kitu, sista."

"Usinifanye mjinga. Nimekuwa nikiacha wagonjwa wangu nije kukuhesabia miayo! Mlinzi! Hebu njoo."

Mlinzi alimpekua Pimamaji mbele za watu, mifuko ikatolewa nje kama masikio, haikuwa na kitu. Kisha nesi akamtazama Dobi.

"Wewe ulitoka nje."

"Nilikwenda kupokea simu."

"Robo saa nzima? Nawajua wake za mateja. Mnalia hapa, halafu nyinyi wenyewe ndio mnaowaletea. Fungua mkoba."

"Sista, naapa..."

"Fungua."

Dobi hakufungua. Alikumbatia mkoba kifuani, na hapo akajimaliza, kwa sababu sasa hata yule mwanamke wa mtoto wa homa alisimama ili aone vizuri. Mlinzi akauvuta, akaumwaga kaunta. Kitana. Funguo. Kipande cha sabuni ya hotelini. Na kitu kirefu kigumu kilichoviringishwa ndani ya foronya.

"Enhe," mlinzi alisema. "Hiki nini?"

Alikunjua foronya. Kikatoka kipimio cha chuma, njano, rangi imebanduka kwenye kona, kichupa katikati. Mlinzi alikigeuza huku na huku akitafuta mahali pa kufungulia, hakuna panapofunguka, akakilaza kaunta. Kiputo kikakimbilia upande mmoja.

"Ni cha mume wangu," Dobi alisema. Sasa alikuwa analia waziwazi, pua na yote. "Ameuza nyundo, ameuza mashine ya kukatia vigae, ameuza mpaka ndoo. Hiki nimekificha. Nakwenda nacho kazini, narudi nacho, nalala nacho. Akipona atafanyia nini kazi?"

"Uliniambia kimeibiwa," Pimamaji alisema.

"Nilikudanganya."

Pimamaji alikitazama kipimio. Miezi mitatu alikuwa amekitafuta, si kwa ajili ya kazi, na Dobi alijua si kwa ajili ya kazi. Akainamisha kichwa.

Makelele yalimtoa daktari ndani, glavu bado mikononi. Nesi akamweleza haraka haraka: alama zimeshuka, mgonjwa ameingiziwa kitu, mke ndiye aliyetoka, nafasi inasubiriwa na wengine. "Mimi nashauri huyu mwanamke atolewe nje ya geti na mgonjwa wake amfuate," alimalizia. "Tumechezewa vya kutosha."

"Nani amekupa?" daktari alimuuliza Pimamaji.

"Nimeokota chooni."

"Umeokota nini?"

"Kidonge."

"Sikiliza. Dawa yangu ina wivu. Ikikuta nyingine ndani ya mwili wako, inaifukuza kwa fujo, siyo polepole. Hiyo arosto uliyokuwa nayo asubuhi ungeililia kama raha. Kwa hiyo usiponiambia ni nini na saa ngapi, siwezi kukupa chochote, na saa tisa mimi naondoka. Nani amekupa?"

"Nimeokota, daktari."

Mlinzi akamshika Dobi mkono. "Twende, mama."

"Ni mimi," Bi Mkubwa alisema.

Hakuna aliyemsikia. Mlinzi alikuwa anamwambia Dobi akusanye vitu vyake.

"Nimesema ni mimi!" Alikuwa amesimama bila kushika kitu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka miwili. Aliifungua bahasha ya kaki mbele ya macho ya dharura nzima, vipande vikamwagika kiganjani. "Mwacheni mkwe wangu. Nimempa mimi. Nusu. Saa nne na dakika kumi. Alitaka kuondoka."

Daktari alichukua bahasha, akasoma. "Hivi ni vyako, mama? Vya nyonga?"

"Vyangu."

"Umempa leo tu?"

Uongo ulikuwa karibu kabisa, mdomoni mwa Bi Mkubwa. "Leo. Na jana. Na juzi."

Dobi aliacha kukusanya vitu. "Mama. Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Ile shikamoo?"

Bi Mkubwa alivimimina vipande ndani ya bahasha iliyokuwa mkononi mwa daktari.

"Na nyonga? Ulisema vidonge havikusaidii."

"Nyonga haijaonja kidonge tangu mwaka jana."

"Na mimi nakukanda kila siku! Na hii mikono!"

"Unakanda vizuri sana, mwanangu," Bi Mkubwa alisema, na kwa unyonge ule ule alimaanisha.

Dobi alicheka, jamani, mcheko mbaya wa mtu ambaye hana kingine cha kufanya, kisha akakaa sakafuni kabisa. Nesi aliokota kitana na funguo, akavirudisha mkobani kimoja kimoja. Kipimio alikifunga tena kwenye foronya. Hakuomba radhi, lakini aliufunga mkoba vizuri na kumpa mwenyewe mkononi.

"Hatumfukuzi," daktari alisema hatimaye. "Tunaanza upya. Nusu kidonge hiki hakikai mwilini kama unga, kwa hiyo tutafuata alama, si saa. Bahasha hii nabaki nayo, na nyonga yako, mama, tutaizungumzia na daktari wako kama watu wazima. Nitaandika kwenye faili na kusaini sasa hivi. Sista, zikifika kumi na mbili, hata kama mimi sipo, unampa."

"Na daktari wa zamu akikataa?"

"Amri itakuwa imeshaandikwa. Ni juu yako."

Nesi alikubali shingo upande. "Zikifika," alisema. Kisha akamgeukia Bi Mkubwa. "Lakini huyu mama..."

"Najua," Bi Mkubwa alisema. "Nitoeni nje."

Alikaa nje ya geti, kwenye kiti cha plastiki ambacho mlinzi alimletea bila kuombwa. Kabla ya kukaa alimwambia, "Baba, hata nikikulilia usinifungulie." Mlinzi akasema sawa, akidhani ni maneno ya wazee.

Saa nane hakukuwa na habari yoyote. Saa tisa daktari alitoka na begi lake, akamsalimia, akaenda zake. Saa kumi kasorobo, sauti ikapita kwenye matundu ya dirisha la juu.

"Mama! Mama wee! Mama nakufa!"

Bi Mkubwa alisimama. "Nifungulie."

"Ulisema nisifungue."

"Nilisema. Sasa nifungulie."

"Kaa, mama."

"Wewe huna mama?"

"Ninaye," mlinzi alisema, na mkono haukuondoka kwenye komeo. "Kaa."

"Mama!" sauti ya ndani iliita tena.

Bi Mkubwa alilishika geti kwa mikono miwili. Mkono mmoja ukaingia mkobani wenyewe, ukapapasa, ukakutana na kitambaa kitupu. Alimtukana mlinzi, akamtukana daktari, akamwita nesi jina ambalo sitaliandika. Mlinzi aliyapokea yote. Bi Mkubwa akarudi kwenye kiti, akaziba masikio kwa viganja, akakaa hivyo akiyumba mbele na nyuma, watu wakipita na kumwonea huruma kwa sababu wasiyoijua.

Saa kumi na nusu Dobi alitoka anakimbia.

"Kumi na nne, mama!"

"Kumi na nne?"

"Kumi na nne! Sista anafungua kabati la dawa. Yule daktari mwingine amefoka, amemwambia atamripoti. Sista amemwonyesha saini tu, akaendelea na kazi yake."

Bi Mkubwa alipiga makofi. Mlinzi akamtazama, akadhani amerukwa na akili.

Dawa ile haimezwi. Inakaa chini ya ulimi mpaka iyeyuke yote, na mgonjwa haruhusiwi kunena neno. Nesi alilisema hilo mara tatu, akaweka kidole mdomoni kumwonyesha Pimamaji, akasimama hapo hapo kumlinda. Bi Mkubwa alikaa pembeni ya kitanda. Aliomba ruhusa kwanza, na nesi akamkagua mikono kabla ya kumruhusu. Dobi alikuwa upande wa pili, mkoba mapajani, hamtazami mama mkwe.

"Kwa vile leo huwezi kunijibu," Bi Mkubwa alimwambia mwanawe, "ngoja niseme. Nilimwambia daktari nilikupa usiondoke. Ya leo ni kweli. Zile za asubuhi sikukupa kwa sababu hiyo. Ulikuwa huji chumbani kwangu. Miezi ulikuwa hupiti. Siku ya kwanza ulikuja kuomba, nikakupa, kesho yake ukaja tena, ukanipa shikamoo, ukakaa kitandani kwangu. Nilijua unafuata nini. Nikasema basi, acha aje. Nilikuwa nakata nusu ili vifike mwisho wa mwezi. Ili uje mwezi mzima." Alijifuta uso na ncha ya mtandio. "Nilikuwa nakununua, mwanangu. Sasa sina cha kukununulia."

Pimamaji alitaka kusema. Kidevu kilicheza, mkono ukanyanyuka.

"Kimya," nesi alisema. "Bado haijayeyuka."

Dobi alinyoosha mkono juu ya magoti ya mumewe, akamtengenezea mama mkwe mtandio uliokuwa umemdondoka begani.

Baada ya nusu saa miguu ilitulia. Si kwa kulewa. Macho yalikuwa ya mtu aliye macho. Waliambiwa arudi dharura kesho saa mbili asubuhi aiweke dawa chini ya ulimi mbele ya nesi, na keshokutwa, na mtondo, kisha kliniki.

Kesho yake asubuhi Bi Mkubwa aliamka kabla ya wote. Mkoba ulikuwa msumarini mahali pake. Alisikia mwanawe anaoga. Alisikia nyayo zinapita mlangoni kwake, hazikusimama. Mlango wa nje ukafunguka. Sauti ya Dobi ikasema kumekucha, twende, tutakuta foleni. Bi Mkubwa akajilaza tena akageukia ukuta. Alijiambia ni vizuri, anakwenda kwenye dawa yake, mama gani atalalamikia hilo. Maneno hayakumsaidia.

Kisha mlango wa chumba ukasukumwa.

"Shikamoo, mama."

Mkono wa Bi Mkubwa ulikuwa umeshafika msumarini kabla hajaukumbuka. Akaushusha.

"Marahaba. Sina kitu, mwanangu."

"Najua."

Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, pale pale pa siku zote. Nywele zilikuwa zinadondosha maji. Mikono aliibana katikati ya magoti.

"Tunachelewa!" Dobi aliita kutoka nje.

"Nakuja," alijibu, asiondoke. Alikuna kichwa kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia. "Nyonga imeamkaje?"

Tangu ipasuliwe hakuwa amewahi kumuuliza. Bi Mkubwa alitaka kusema nzuri, kama anavyowajibu watu wote.

"Inauma," alisema. "Inauma sana."

Pimamaji alisogea karibu zaidi, akanyanyua mguu wa mama yake taratibu, akauweka mapajani.

"Niambie ni wapi," alisema.